Mbegu Mbili za Kichwa Kimoja

Oktoba inapoelekea ukingoni, miteremko ya Uluguru inayoutazama mji wa Morogoro huwa imekauka hadi udongo umepasuka. Mashamba yamefyekwa, mengine yamechomwa moto, na mtu aliyesimama mjini huyaona kule juu yakiwa wazi, mekundu na meusi. Kisha vuli inabisha hodi kwa mvua moja ya usiku. Wakulima wanadamka kuchimba mashimo ya mahindi, na kabla mahindi hayo hayajatoa jani la pili, ardhi yote katikati ya mistari imeshageuka kijani. Hakuna aliyeupanda ukijani huo. Hakuna aliyeziweka mbegu zake ghalani wala aliyezinunua dukani. Ulikuwa umelala humo humo udongoni, na sehemu yake kubwa ni kishonanguo.

Mmea huu hauhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote aliyekulia shambani. Wengine wanauita kichoma nguo, wengine mbwembwe. Majani yake yana kingo za meno madogo, maua yake ni vichwa vya njano ambavyo mara nyingine huzungukwa na petali chache nyeupe, na mbegu zake ni nyeusi, nyembamba, zenye miiba nchani. Ukipanda njia inayotoka mjini kwenda Morningside, hasa pale inapopita pembezoni mwa mashamba, utashuka nazo kwenye soksi na pindo la nguo. Linnaeus aliupa jina la kitaalamu, Bidens pilosa, mwaka 1753. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini leo umeenea katika nchi zote za joto, na Mluguru anayeung'oa kila msimu ana haki ya kudhani kwamba umekuwepo tangu milima ilipowekwa.

Kadiri ninavyousoma mmea huu ndivyo ninavyoamini kwamba wenyewe unatusoma sisi kwa makini kuliko sisi tunavyousoma. Jembe likipita, mbegu yake inapata habari. Kivuli kikiondolewa, inapata habari. Na umedumu pamoja nasi kwa kushika kanuni moja: haupeleki watoto wake wote kwenye mvua moja.

Chukua kichwa kilichokomaa cha kishonanguo, kile kilichotawanya miiba yake pande zote, ukivunje juu ya kiganja. Utaona kwamba mbegu hazifanani. Za katikati ni ndefu na laini, na ncha zake zina miiba miwili au mitatu yenye vinyweleo vilivyoelekea nyuma, ndiyo maana zikishaingia kwenye kitambaa hazitoki kirahisi. Za ukingoni ni fupi, nene kidogo, zina vipele, na miiba yake ni dhaifu. Mtaalamu wa mimea atakusahihisha kwamba hizi ni matunda makavu, kila moja likiwa na mbegu moja ndani, na yuko sawa. Lakini mkulima anaziita mbegu, nami nitaziita hivyo.

Tofauti hiyo ya umbo inaficha tofauti kubwa ya tabia. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Forsyth na Brown, walichapisha matokeo ya kuziotesha mbegu hizo kwa makundi. Ndefu ziliota upesi na kwa wingi katika hali za aina nyingi. Fupi zilichelewa, ganda lake linazuia, na zinahitaji mwanga au ganda kukwaruzwa ndipo zikubali. Mama ni mmoja, ua ni moja, mvua iliyoikuza mimba ni ile ile, lakini watoto wa katikati wanatoka wakiwa na haraka na watoto wa ukingoni wanatoka wakiwa na subira.

Ukiunganisha umbo na tabia, mpango wote unaonekana. Mbegu ndefu ndiyo inayoshika nguo, manyoya ya mbuzi na mkia wa mbwa. Inakwenda mbali, na ikifika inaota mara moja, kwa sababu mahali papya panahitaji mtu wa kuwahi. Mbegu fupi haishiki vizuri. Inaelekea kuangukia karibu na mama, mahali ambapo tayari imethibitika kwamba kishonanguo kinaweza kuishi, na hapo inangoja zamu yake. Moja inatawanyika katika nafasi, nyingine inatawanyika katika wakati.

Wahenga wetu walituachia misemo inayopingana, na vijana hupenda kuuliza ni upi wa kufuatwa. Haraka haraka haina baraka, walisema. Na hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kishonanguo hakikuchagua. Kimeibeba misemo yote miwili katika kichwa kimoja, na kila msimu mmojawapo unathibitika.

Kwa nini isitoshe kuwa na mbegu za haraka peke yake? Jibu liko katika mvua za Morogoro. Mji uko kwenye kivuli cha milima na hupata takriban milimita 800 hadi 900 kwa mwaka, wakati miteremko ya juu ya mashariki, inayokabiliana na upepo wa Bahari ya Hindi, hupata zaidi ya milimita 2,000. Lakini kiasi cha mwaka hakimwambii mkulima analotaka kujua. Anachotaka kujua ni kama mvua ya kwanza ya vuli itafuatwa na ya pili. Kuna miaka ambayo mvua ya kwanza inanyesha kwa nguvu, kila kilicho hai kinachipua, kisha jua linarudi kwa majuma matatu na kuunguza kila kilichochipua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni ya kutegemewa zaidi, ila nayo ina miaka yake.

Mwaka 1966 mwanasayansi wa Israeli, Dan Cohen, alilieleza jambo hili kwa hesabu, na hesabu yake inaweza kufanywa kwa kijiti mchangani. Tuseme mmea una mbegu 100. Katika msimu mzuri kila mbegu iliyoota inaleta 10 mpya. Katika msimu mbaya kila iliyoota inakufa. Mbegu zote zikiota, msimu mzuri unaleta 1,000, na msimu mbaya unaofuata unaleta sifuri. Ukoo umekwisha. Sasa tuseme nusu tu ndiyo inayoota. Msimu mzuri: 50 zinaleta 500, na 50 zilizolala bado zipo, jumla 550. Msimu mbaya: 275 zinaota na kufa, 275 zinabaki. Baada ya baraka moja na balaa moja, mmea una karibu mara tatu ya ulichoanza nacho. Misimu inazidishana, na sifuri moja katikati inafuta kila kilichotangulia.

Kila nyumba ya mkulima inalijua hilo. Mahindi ya mbegu yananing'inizwa juu ya meko, yapigwe moshi, na hata njaa ikibana mama hayashushi yote kwa siku moja. Kishonanguo kimeiweka akiba hiyo ndani ya mwili wake. Haihitaji mtu wa kuilinda, kwa kuwa akiba yenyewe ndiyo inayokataa kuota.

Mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000. Mahali penye joto na unyevu wa kutosha, vizazi vitatu au vinne vinaweza kupita katika mwaka mmoja, na mbegu zilizofukiwa zinaweza kubaki hai kwa miaka kadhaa. Mkulima anayeingia shambani Novemba hapambani na mbegu za mwaka jana peke yake. Anapambana na mabaki ya palizi alizozikosa miaka iliyopita, yaliyokaa tabaka kwa tabaka chini ya nyayo zake. Huko Michigan, Marekani, William James Beal alizika chupa za mbegu za magugu mwaka 1879 ili zifukuliwe kwa zamu, hata baada ya yeye kufa. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Hazikuwa za kishonanguo, na kishonanguo hakidai umri huo. Lakini zinatuonyesha udongo ni nini hasa: ni mahali ambapo wakati uliopita unaweza kuamka.

Nani anauamsha? Hapa ndipo hadithi inapotuhusu sisi wenyewe, na sehemu yake muhimu ilifanyiwa kazi hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1980, Michael Fenner, aliyekuwa akifanya utafiti Nairobi, alichapisha majaribio ya kuotesha mbegu za magugu 32 ya Afrika Mashariki, na akakipa kishonanguo uchunguzi wa pekee. Mbegu changa za kishonanguo zinaweza kuota hata gizani. Fenner akaziweka chini ya kivuli cha majani mabichi. Hazikuota. Hilo lingetosha kuwa habari, lakini lililofuata ndilo linalonishangaza hadi leo: mbegu zilizokaa chini ya kivuli hicho zilipopelekwa gizani, hazikuota tena. Zilikuwa zimebadilika. Mbegu iliyokuwa haihitaji mwanga sasa ilikuwa inaudai, na iliendelea kuudai.

Inawezekanaje? Ndani ya mbegu kuna kemikali inayohisi mwanga, iitwayo fitokromu. Kazi iliyofichua siri yake ilifanyika Beltsville, Marekani, na mwaka 1952 watafiti walionyesha kwamba mbegu za saladi zikimulikwa mwanga mwekundu zinaota, na zikimulikwa ule mwekundu ulio ukingoni mwa upeo wa macho yetu zinaacha. Mwanga wa mwisho kuzifikia ndio unaoamua. Sasa fikiria jani bichi. Linakula mwanga mwekundu kwa ajili ya chakula chake na kuuachia ule mwingine upite. Mwanga unaofika chini ya majani kwa hiyo una ujumbe ndani yake: juu yako kuna wengine, chakula kimeshaliwa, usitoke. Mbegu inaupokea ujumbe. Ikifunikwa na udongo baada ya hapo, inaendelea kuutii hadi mwanga kamili utakapoifikia.

Mwanga haupenyi udongoni zaidi ya milimita chache. Mbegu iliyo chini zaidi inaishi katika usiku usiokucha. Kuna mvua juu yake, kuna joto la kutosha, kuna kila kitu isipokuwa ishara. Kisha linakuja jembe. Udongo unanyanyuliwa na kugeuzwa, na kwa muda mfupi sana kila chembe inaliona jua kabla haijaanguka tena. Kwa mbegu za magugu mengi, muda huo unatosha. Hata zikifukiwa tena papo hapo, amri imeshatolewa.

Kwa hiyo anayelima ili aondoe magugu, kwa mkono ule ule anayaita. Hilo si kosa la mkulima. Ndivyo mmea ulivyojifunza kuishi. Kwa mbegu ndogo yenye chakula kidogo, ardhi iliyogeuzwa ndiyo habari njema kuliko zote: maana yake mimea mikubwa imeondolewa na ushindani umefutwa. Zamani ishara hiyo ililetwa na mnyama anayechimba au ukingo wa mto uliobomoka. Jembe lilipokuja, kishonanguo hakikuhitaji kujifunza upya. Huko Ujerumani, mwaka 1990, watafiti walichapisha jaribio la kulima usiku ili mbegu zisione kitu, na magugu yakapungua sana. Majaribio ya wengine baadaye yalitoa matokeo ya kupanda na kushuka, kwa sababu mbegu zilizo juu kabisa ya udongo huliona jua la kesho yake. Lakini wazo lilisimama: palizi ni mazungumzo ya mwanga.

Ukitaka kuuona upande wa pili wa mazungumzo hayo, endelea kupanda. Juu ya mashamba ya mwisho unaanza msitu, ambao tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 24,000, ukifika hadi kilele cha Kimhandu chenye urefu wa zaidi ya mita 2,600. Kwenye ukingo wa msitu kishonanguo kipo, kimejipanga njiani. Hatua chache ndani, chini ya miti mikubwa, hukioni. Hakuna aliyekipalilia humo. Mbegu zake zinaingia kila siku kwenye nguo za wapitao, zinaanguka, zinausoma mwanga uliochujwa, na hazitoki.

Miti ya msitu huo ina mbegu za tabia nyingine kabisa. Allanblackia, mti wa milima yetu ya Tao la Mashariki ambao watu wa Usambara wanauita msambu, una tunda kubwa lenye mbegu nzito za mafuta. Mbegu hiyo imebeba chakula cha kutosha kuukuza mche kivulini, na kuota kwake kunaweza kuchukua miezi mingi, jambo lililowatesa wote waliojaribu kuutengenezea vitalu. Miti mingi ya msitu wa mvua ina mbegu zisizostahimili kukauka. Ukiziweka kabatini zinakufa. Dunia yao imejengwa juu ya imani kwamba kesho itafanana na leo. Kishonanguo kimejengwa juu ya imani kwamba kesho haijulikani. Mti mkubwa ukianguka, au mtu akiingia na panga na kufungua uwazi, imani ya pili inapata nafasi mara moja. Ndiyo maana aonaye kishonanguo kimestawi mahali palipokuwa msitu anasoma tarehe ya uharibifu.

Wazee wa Uluguru walikuwa na elimu yao ya kuzungumza na mmea huu. Huko Mgeta, kwenye miteremko mikali ya upande wa magharibi, Waluguru wana utaratibu wa zamani wa matuta ya ngazi. Msimu unapoanza, majani na mabaki ya mavuno yanakwanguliwa na kulazwa kwa mstari kukatisha mteremko, kisha udongo wa upande wa juu unavutwa kuyafunika. Ngazi zinatokea, maji yanapunguzwa mwendo, na magugu yanaoza kuwa mbolea chini ya mahindi. Ni kazi ya akili nyingi inayohitaji kujua wakati. Kishonanguo kikifukiwa kabla hakijakomaza vichwa, ni mbolea. Kikifukiwa kimeshakomaa, mkulima amekiwekea akiba kwa mikono yake mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, utawala wa Kiingereza uliwalazimisha watu wa milima hiyo kuchimba matuta ya aina nyingine, mapana na ya bapa, chini ya mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Yalichimbwa kwa nguvu kazi ya lazima, na uchimbaji ulileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 hasira zilifurika. Watu walikusanyika Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi na kufa, na mpango ukaachwa. Historia hiyo husimuliwa kama sura ya harakati za uhuru, na ni haki yake. Mimi naisoma pia kama kisa cha watu waliolazimishwa kuigeuza ardhi na wageni wasiojua udongo wake wa juu una nini na wa chini hauna nini.

Ardhi ya Uluguru haisamehe kuachwa uchi. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko mengi sana ya udongo Mgeta, na waliokwenda kuyachunguza walikuta karibu yote yalitokea kwenye mashamba na nyasi, machache mno kwenye miti. Mahali kama hapo, udongo ukishatulia, mimea ya kwanza kurudi ni ya ukoo wa kishonanguo kwa tabia kama si kwa damu: inayowahi, inayoota juani, inayoshikilia tabaka la juu kwa mizizi yake hadi vichaka vije. Mkulima mzoefu anayepalilia mteremko mkali huyaacha magugu yaliyong'olewa yalale juu ya udongo yaufunike. Adui aliyekufa anageuzwa blanketi la shamba, naye bado anafanya kazi.

Lakini mmea huu una kazi nyingine, na ndiyo inayowafanya watu wasitamani uishe kabisa.

Mtu akijikata mguuni kwa jembe wakati wa palizi, na kituo cha afya kiko mbali kule bondeni, anafanya jambo ambalo limefanywa katika nchi nyingi za Afrika: anachuma majani machanga ya kishonanguo, anayasugua viganjani mpaka yatoe maji ya kijani, na kuyakandamiza kwenye jeraha. Gugu alilokuwa akilikata ndilo linalomtibu jeraha alilolipata kwa kulikata. Majani hayo hayo hupikwa kuwa mboga mahali pengi, hasa wakati wa upungufu kabla ya mavuno, hulishwa sungura, na huchemshwa kwa maradhi ya tumbo.

Maabara hazikuyadharau maarifa hayo. Kishonanguo kina flavonoidi na kundi la kemikali ziitwazo poliasetilini, ambazo baadhi yake huua vijidudu, na nyingine huzidi kuwa kali zikipigwa na mwanga. Huko Taiwan watafiti walitenga moja wakaiita saitopiloini na kuijaribu kwa panya wenye kisukari. Kutoka kwa panya hadi dawa ya mtu ni safari ndefu, na mgonjwa wa kisukari wa Morogoro asiiache dawa ya hospitali kwa ajili ya chungu cha majani. Mmea huu una hatari pia: una uwezo mkubwa wa kufyonza kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka kwenye udongo uliochafuka. Uliochumwa kando ya barabara kuu au jalalani si sawa na uliochumwa shambani, hata kama majani yanafanana.

Kwa nini gugu liwe dawa? Mwaka 2001, Stepp na Moerman walilijibu swali hili kwa kuchunguza dawa za asili za watu wa nyanda za juu za Chiapas, Meksiko, na za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Waligundua kwamba magugu yamo kwenye orodha za dawa kwa wingi unaozidi sana sehemu yao katika mimea yote. Sababu moja ni ukaribu: mgonjwa hana nguvu ya kupanda mlima, na gugu linaota mlangoni. Sababu ya pili imo katika maisha ya mmea wenyewe. Mti unaoishi miaka 100 unaweza kujilinda polepole kwa magome na tanini nyingi. Mmea unaoishi miezi mitatu hauna muda huo. Unajilinda kwa kemikali ndogo zenye nguvu, za kutengenezwa upesi na kufanya kazi kwa kiasi kidogo. Zile zile zinazomzuia mdudu na kuvu ndizo zinazogusa mwili wetu. Haraka iliyoifanya mbegu ndefu iwahi mvua ndiyo iliyoyafanya majani yake kuwa makali. Dawa na magugu vimetoka kwenye maisha yale yale.

Hapo naona somo kwa yeyote anayeipenda Uluguru. Miti ya dawa ya msituni inachunwa magome na kung'olewa mizizi, na mingine inakufa imesimama. Hatuwezi kudai watu waache kutafuta dawa. Tunaweza, hata hivyo, kuipa heshima dawa iliyo mlangoni, tuipime na kujua inachoweza na isichoweza, ili msitu upumzike kidogo. Mmea unaojirudisha wenyewe kila mvua, ambao kuuchuma ni kuupalilia, ni zawadi isiyomwibia mtu.

Siku hizi palizi imeanza kuhamia kwenye pampu ya mgongoni. Naielewa sababu. Mgongo unauma, vijana wamekwenda mjini, na chupa ya dawa ya magugu inamaliza kwa asubuhi moja kazi ya juma zima. Lakini sumu inaua kilichoota. Akiba iliyolala haiguswi. Na katika wingi wa mbegu, mara nyingine inatokea moja ambayo sumu haiiwezi. Nchini Brazil, kishonanguo kisichokufa kwa kundi moja la viua magugu kiliripotiwa mwaka 1993. Kenya, kwenye kahawa, kilishaonekana kikistahimili parakwati, dawa nyingine ya magugu. Mmea ulioishi kwa kutokuweka matumaini yake yote mahali pamoja hauwezi kushindwa na mtu aliyeyaweka yake yote kwenye chupa moja.

Ninachokiomba ni kwamba tuuelewe mmea huu tunapopambana nao, na uelewa huo hauna gharama. Upalilie kabla vichwa havijakauka, kwa sababu palizi inayochelewa wiki mbili inaongeza kazi ya miaka. Usigeuze udongo kwa kina pale ambapo kukwangua juu kunatosha, kwa maana kila pigo la kina linawaita waliolala. Funika ardhi kwa majani, maharage au maboga, ili mwanga unaofika chini uwaambie wasitoke. Ukichuma majani kwa jeraha, chuma mahali safi, na jeraha kubwa lipeleke kituoni.

Chini ya milima hii kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na juu yake kuna shule za msingi kila bonde. Mwalimu wa sayansi wa Kinole au Mkuyuni hahitaji maabara kulifundisha hili. Wanafunzi walete vichwa vilivyokomaa vya kishonanguo, watenge mbegu ndefu na fupi, wazilaze kwenye vitambaa vilivyoloweshwa juu ya sahani, nyingine juani na nyingine ndani ya sanduku lililofungwa, na kila asubuhi wahesabu zilizoota. Watajifunza hesabu, mwanga na subira kwa pamoja. Watajifunza pia kwamba maarifa makubwa hayako lazima kwenye mmea adimu wa mbali. Yanaweza kuwa yamekwama kwenye pindo la sare ya shule. Mtoto aliyeziona kwa macho yake mbegu za mama mmoja zikichagua njia mbili atashika jembe tofauti na baba yake. Atajua kwamba anapoligeuza bonge la udongo anatoa amri, na kwa kuwa anajua, ataweza kuchagua lini aitoe na lini ainyamazie.